Sikio la Nyambizi

Mzee aliponikaba koo mara ya kwanza, nilipiga yowe. Ningefanya nini? Nimezaliwa kambini, Uganda, binti wa askari, na baba yangu alitufundisha hivi: mtu akikushika shingo usimwombe wala usimbembeleze, piga yowe mpaka watu watoke na fimbo. Kwetu asiyepiga yowe huulizwa baadaye kwa nini alinyamaza, na aliyelisikia asitoke huulizwa pia. Basi nikalipiga, lile la kutoka tumboni, ndani ya bafu la watu huko Akalla, asubuhi kweupe, povu la sabuni limenifika viwikoni.

Hakutoka mtu. Hapa Stockholm ukipiga yowe jirani anafunga dirisha. Na yule mzee, badala ya kushtuka aniachie, ndiyo kwanza akazidi kukaza. Mkono mmoja kooni, mwingine umefunika pua na mdomo pamoja. Alikuwa mtu wa karibu miaka mia, ngozi na mifupa, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshika koleo na spana maisha yake yote. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu, na haukuwa na hasira hata chembe. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa ananinong'oneza kwa Kiingereza, kwa upole, kama anambembeleza mtoto mwenye homa: "Nyamaza, mwanangu. Nyamaza. Wako juu yetu."

Nilimng'ata. Nilimng'ata mpaka nikaonja damu, wala hakutikisika. Macho yalikuwa yameshaanza kuingia giza nilipomsikia mkewe mlangoni, anasema kwa Kiswidi, kwa sauti ya chini sana, "Usipigane naye. Legea. Usitoe sauti yoyote." Nikalegea. Si kwa utii, ni nguvu zilikuwa zimekwisha. Papo hapo vidole vikaachia. Mzee akanipigapiga shavuni, akarudi kukaa kwenye kiti chake cha kuogea, uchi vile vile, akasubiri nimwoshe mgongo.

"Mama," nilimwambia mkewe, "mumeo ni muuaji." Nilisema hivyo hivyo, bila kupaka mafuta. Waswidi hawana mama wala bibi, kwao kila mtu ni wewe, lakini ulimi wangu haukubali kumwita mtu wa umri ule wewe tupu, basi yeye alikuwa mama tangu siku ya kwanza. Hakukasirika. Alinifungia barafu kwenye kitambaa, akaniwekea shingoni kwa mikono yake mwenyewe, kisha akanisihi nisiseme ofisini.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Naishi Husby na nazunguka Kista na Akalla kutwa, huyu namwogesha, yule namlisha, mwingine namsikiliza. Kwa mzee yule nilipelekwa kwa sababu ya Kiingereza changu. Alikuwa Mwingereza aliyekuja huku baada ya vita, akaoa, akafanya kazi kiwandani, akaongea Kiswidi miaka yote kama mwenyeji. Ugonjwa wa kusahau ulipomwingia ulianza kula Kiswidi, ukakimaliza, kikabaki Kiingereza cha ujana wake. Na kile Kiingereza hakikurudi peke yake. Kilirudi na vita, maana katika Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mwanamaji kwenye nyambizi ya Waingereza, huko Mediterania.

Nyumba yao ilikuwa na kimya ambacho sijawahi kukiona. Vijiko vilikuwa vya mbao, sahani za plastiki. Miguu ya viti ilivishwa soksi. Televisheni iliwaka bila sauti, na simu ililazwa kabatini, imeviringishwa kwenye taulo. Mama alikuwa na kifua, kikohozi kile cha wazee kisichosikia dawa, na kikimjia alikimbilia chumbani kukoholea ndani ya mto. Na alivaa skafu shingoni hata siku za joto. Siku moja skafu ilipoteleza nikaona alama za vidole, mpya zimelala juu ya za zamani.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia, nikajitahidi kumtafsiria. Akasema Waswidi hawana methali hiyo.

"Kifo mnacho," nikasema.

Ndipo akanieleza. Mzee alipokuwa bado na akili zake, alimwapisha mkewe kwamba hatampeleka kwenye nyumba yenye mlango wa kufungwa. Atafia hapa, kitandani kwao. "Wakimchukua, mimi nimekufa," mama akasema. Nami nikamjibu kwamba asipochukuliwa atakufa kweli, si kwa maneno. Aliniangalia kwa huruma, mimi niliyekuwa nimekabwa! Akasema sielewi. Tangu usiku wa harusi yao, alisema, mzee hajawahi kulala bila kuweka sikio mgongoni mwake. Lazima amsikie anapumua, ndipo usingizi umchukue. "Wewe uliwahi kupendwa hivyo?"

Ah, hapo alinipata. Mume wangu mimi alilala ameelekea ukuta miaka yote, mpaka siku alipoondoka.

Lakini ofisini nilisema. Mdomo wangu hauna komeo, na shingo ni yangu. Msimamizi akaamua tuwe tunakwenda wawili, akanipa mwenzangu mmoja mama wa Bukavu, Kongo, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ambayo akikusalimu Husby unaitikia ukiwa Kista. Mlangoni nikamshika mkono. "Dada, humu ndani kwaya imefungwa."

"Bon, sawa. Hata kunong'ona?"

"Hata kunong'ona."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa asipumue. Lakini alijitahidi, maskini, alitembea kwa soksi na kuongea nami kwa macho.

Mimi mzee alishaamua kuwa ni mpishi wa nyambizi. Na weusi wangu huu, na makalio haya, eti mpishi wa jeshi la majini la Mfalme! Nikamwachia. Kwa mpishi alikuwa anazungumza, na mkewe hakuwahi kumwambia neno la vita, si kwa Kiswidi wala kwa Kiingereza. Alizungumza nikimwosha miguu, kipande leo, kipande wiki ijayo, daima kwa mnong'ono.

Kazi yake melini ilikuwa kusikiliza. Chini ya maji, alisema, nyambizi ni kipofu. Nahodha peke yake ndiye mwenye darubini, na wakizama sana hata hiyo haifai kitu. Linabaki sikio. Yeye alikaa kwenye kijisehemu kama kabati, vyombo vya kusikilizia vimembana kichwa, na nahodha akimuuliza, "Unasikia nini?" alikuwa anajibu: meli iko upande gani, inakuja au inakwenda. Maisha ya wote yalikuwa kwenye lile jibu.

Siku moja wakapiga meli iliyobeba askari wa adui. Topido, kombora lao la chini ya maji, ilipolipuka wenzake wote walishangilia, wakakumbatiana. Yeye hakuweza kushangilia kwa sababu vyombo vilikuwa masikioni. Aliendelea kusikia. Alisikia chuma kikichanika, alisikia meli inazama huku vyumba vyake vinapasuka kimoja kimoja, na katikati ya vile vishindo alisikia watu wanagonga. Walikuwa wamefungiwa ndani, wanagonga kwa kitu cha chuma. Waligonga mpaka wakafika chini sana. Hodi hiyo, na hakuna wa kuitikia karibu. Nahodha akauliza, "Unasikia nini?" Akajibu, "Inavunjika, bwana." Ya kugonga hakuyasema.

Kisha manowari zilizokuwa zinailinda ile meli zikaja kuwatafuta, zikaanza kudondosha mapipa ya baruti. Hapo sheria ni moja: kimya. Mashine zinazimwa, viatu vinavuliwa, watu wanalala chini kubana pumzi, spana zinafungwa vitambaa. Kijiko kimoja kikianguka, aliye juu anasikia, mmekwisha wote. Pipa likilipuka taa zinapasuka na maji yanaruka kutoka kwenye viungo vya mabomba. Na kulikuwa na kijana, safari yake ya kwanza, amelala karibu na lile kabati. Likaja pipa moja la karibu sana, kijana akaanza kupiga mayowe. Alikuwa anamwita mama yake.

Nahodha hakusema kitu. Alimtazama tu mzee, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Mzee, ambaye naye alikuwa hata ndevu hazijakaza, akamkalia yule kijana kifuani, akamfunika pua na mdomo kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikandamiza chombo sikioni, maana kazi ya kusikiliza haikusimama. Manowari ilizunguka juu yao, ikarudi, ikazunguka tena. Aliposikia inakwenda akasema, "Inakwenda mbali, bwana." Ndipo akakumbuka kuinua mkono.

"Alikuwa kijana mzuri," mzee akaninong'oneza, huku anaangalia maji yanavyomtiririka kwenye vidole vya miguu. "Hakutoa sauti tena."

Nilijimwagia beseni zima la maji miguuni. Mwenzangu akauliza kwa macho, amesema nini? Nikamwambia tulipofika nje, pale penye kituo cha mwisho cha treni, akaketi kwenye benchi akajipiga ishara ya msalaba. Nililia, sina haja ya kuficha. Nilimlilia yule kijana, na nilimwogopa yule mzee kuliko mwanzo. Sasa nilikuwa nimeshajua kwamba akikushika hakusudii kukuumiza. Anaokoa watu. Na mtu anayeokoa watu haachi kwa sababu wewe unarusha miguu.

Nikarudi kwa msimamizi, nikapiga meza. Nikasema atamuua mkewe, atamuua kwa upole. Manispaa ikamtuma afisa wake, binti mmoja mwenye adabu, aje ajionee. Lo, mama alivyojipanga siku hiyo! Alimpigia mzee shati pasi, akamnyoa, akamchana nywele, akajifunga skafu yake nzuri ya hariri. Na mzee, basi tu kunikomoa, akawa bwana wa mabwana. Aliinama akambusu yule binti mkono. Akamuuliza kama anatumia sukari.

"Amewahi kukuumiza?" afisa akamuuliza mama.

"Kamwe."

"Mwongo huyo!" nikaropoka. Mzee akainua kichwa, macho yake yakatua juu ya mdomo wangu, yakabaki hapo. Nikaufunga haraka.

Afisa akaondoka. Nafasi ipo kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alisema, lakini mke hajaomba, na hapa mtu hatolewi kwake kwa nguvu kwa maneno ya mfanyakazi. Mlango ulipofungwa mama akaniambia mimi ni msaliti na nisirudi. "Shauri yako," nikamwambia, "kaburi nalo halina kelele." Kesho yake nilirudi. Alifungua mlango bila salamu, lakini kahawa ilikuwa mezani.

Majira ya kuchipua walianza kupasua mwamba karibu na zile nyumba, wapitishe mabomba. Mji huu wote umekaa juu ya jiwe, na kila wakitaka kujenga ni lazima walipue. Kwanza kinalia king'ora cha vipande vipande, pii-pii-pii, watu wajue. Kisha kishindo kutoka chini, mpaka vikombe vinasogea. Kisha king'ora kirefu cha kusema yamekwisha. Mimi na mwenzangu tulikuwa tunatoka kituoni asubuhi ile tuliposikia vile vipande. Tukasimama, kama wapita njia wengine. Kishindo kikapita chini ya nyayo zetu, na mwenzangu akanishika mkono.

"Dada," akasema. "Mzee."

Nilikimbia. Magoti yangu haya ya kupanda ngazi kwa malalamiko, siku hiyo sikuyasikia. Ufunguo ulikuwa mfukoni, nikafungua, tukaingia na viatu.

Mama alikuwa chali kwenye sakafu ya jikoni. Mzee alikuwa juu yake, goti limemkaa kifuani, kiganja kimoja kimefunika pua na mdomo, kingine amekikandamiza sikioni mwake mwenyewe. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Miguu ya mama ilikuwa inapiga mlango wa jiko, du, du, du, na kila ikipiga, mzee alizidi kumlalia kwa uzito wake wote. Uso wa mama ulikuwa umeshageuka rangi, macho yamemtoka. Nadhani kishindo kilimkuta anakohoa.

Mwenzangu akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. "Mama weee! Anaua! Anaua mtu!" Yowe la Bukavu lote likashuka ndani ya jiko lile. Mzee akabana meno, akakaza mkono. Nikageuka nikamzaba mwenzangu kofi, kofi la kweli la kambini. "Nyamaza!" Akanyamaza, mkono shavuni. Nikauvuta mkono wa mzee kwa mikono yangu miwili, haukutoka. Nikachukua kikaango, nikampiga nacho mgongoni, nikasikia kitu ndani yake kimevunjika. Hata hakuniangalia. Miguu ya mama ikawa inapiga polepole, halafu ikaacha.

Yowe lilikuwa limenijaa kifuani, Mungu ananiona. Nililimeza. Nikavua viatu. Nikalala kwa tumbo sakafuni, uso wangu mbele ya uso wake, nikamnong'oneza kwa Kiingereza lile swali la nahodha, maana hata kwa yule kijana aliinua mkono baada tu ya kusema anachosikia.

"Unasikia nini?"

Macho yake yakasogea, yakanipata. Akasikiliza. Nje kikaanza kulia kile king'ora kirefu, kikalia, kikafifia.

"Inakwenda mbali," akasema. "Inakwenda mbali, bwana."

Akainua mkono.

Mama hakusogea. Tulibaki wote watatu tumeinama juu yake, hakuna aliyethubutu kuvuta hewa. Mzee akalaza sikio kifuani kwake. Halafu mama akavuta pumzi moja, mbaya, ya kukwaruza, kama msumeno ulionasa kwenye mti, ikafuatia nyingine.

"Anapumua," mzee akasema. Kisha akapiga kelele, yeye ambaye sijawahi kumsikia akitoa sauti iliyofika chumba cha pili. "Anapumua, bwana! Kijana anapumua! Yuko hai!" Akacheka, akalia, akambusu mama kwenye paji la uso, akanishika uso nami akanibusu, kamasi na machozi pamoja. "Yuko hai, mpishi! Nilidhani nimemuua!" Alipiga kelele za furaha mpaka gari la wagonjwa likafika, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mama alivunjika mbavu kwa lile goti. Mzee alivunjika ubavu kwa kikaango changu, na sijutii. Nilipokwenda kumwona mama hospitali, sauti ilikuwa haijamrudia, ananong'ona tu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kijana gani?"

Nikamwambia yote, tangu watu wa kugonga mpaka kijana.

"Miaka yote ile sikio lilikuwa mgongoni mwangu," akasema. "Alikuwa ananisikiliza mimi, au yule?"

"Sijui, mama."

Kesho yake aliomba ile nafasi mwenyewe. Mzee akachukuliwa, akapelekwa kwenye nyumba yenye mlango wa kufungwa, kule kule alikoapishwa mkewe asimpeleke. Mama aliporuhusiwa kutoka hospitali akanipigia simu nimsindikize. Wahudumu wakatueleza mlangoni kwamba mzee hataki kulala tangu alipoletwa. Usiku na mchana yuko ukutani, sikio limebandikwa kwenye rangi, wakimlaza anainuka.

Tukamkuta hivyo hivyo. Hakumjua mama. Alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyeingia kusoma mita ya umeme, akarudi kwenye ukuta wake.

Mama akavua viatu. Akavua skafu pia, alama zikabaki wazi, akaitundika kwenye kiti. Akapanda kitandani kidogo kidogo, ameshika mbavu, akalala ubavu akimpa mgongo. Kisha akaanza kupumua kwa nguvu, mdomo wazi, kwa makusudi, huku machozi ya maumivu yanamtoka maana kila pumzi ilikuwa inamchoma. Alipumua hivyo mpaka nikataka kumwambia aache. Mzee akageuza kichwa. Akaacha ukuta, akaja, akalala, akaweka sikio mgongoni mwake.

Alikuwa ameshalala usingizi mzito nilipomwona mhudumu anakuja, shada zima la funguo kiunoni, kusema wageni hawaruhusiwi kulala vitandani. Nikatoka nikasimama mlangoni na mwili wangu wote. Thubutu! Nikamwambia arudi baadaye, na akirudi avue viatu.